Kumpaka Chokaa Mfadhili

Nchi ninayoieleza siyo yetu. Nasema mapema, maana nina watoto na bado napenda kulala nyumbani kwangu. Yetu ina bendera ya rangi nyingine, na viongozi wetu, kama kila mtu ajuavyo, hufika kwenye sherehe kwa wakati. Huko mimi nilikwenda kutafuta riziki tu. Nilikuwa mshereheshaji wa serikali, yaani yule mtu anayeshika kipaza sauti na kusema "makofi kwake tafadhali" hata kabla mheshimiwa hajafungua kinywa. Ni kazi nzuri. Unasimama karibu na meza kuu, unaona kila kitu, na hakuna anayekuuliza unaonaje.

Basi huko kulikuwa na mti.

Mti huo aliuleta kiongozi wa nchi mwenyewe, Baba Mtukufu, ambaye jina lake kamili ni refu na hutajwa watu wakiwa wamesimama. Alipewa mche kwenye kopo alipokuwa ziarani ng'ambo, na mwenyeji wake, nasikia, alifurahi mno kuuona unaondoka. Baba Mtukufu akaupanda katika kijiji cha Mtakuja, kwenye mwinuko ulio juu ya chemchemi, kwa sababu hapo ndipo gari lake lilipokwama. Akaupa jina la Mfadhili. Alisema utawapa watu kivuli, kuni, asali na chakula cha mifugo, nao hautaomba chochote.

Kweli haukuomba. Ulijichukulia. Mizizi yake iliteremka kutafuta maji kama mkwe anayetafuta lawama, na matawi yakajaa miiba ya kutoboa tairi la lori. Ukazaa maganda ya njano, matamu kama sukari guru. Mbuzi waliyapenda kupita kiasi. Wakayatafuna mpaka meno yakaoza na kudondoka, na mbuzi asiye na meno hali nyasi, hungojea kifo huku akitazama malisho. Mbegu nazo zilipita salama matumboni mwao na kuota kila walikopita. Mti mmoja ukawa kichaka, kichaka kikawa msitu, na njia ya kwenda chemchemini ikawa ya kuinama. Wananchi wakauita mng'oameno, kwa kunong'ona, kwani kuuita Mfadhili jina jingine lilikuwa kosa la jinai. Kusema kwamba unaumwa lilikuwa kosa kubwa zaidi. Kuukata, hilo hata sheria iliona aibu kulitaja.

Kulikuwa pia na desturi. Kila mgeni rasmi aliyefika Mtakuja alichonga jina lake kwenye shina la Mfadhili. Baba Mtukufu alitangulia kwa herufi kubwa, upande wa mashariki, ili jua likichomoza lianze kumsoma yeye. Wakafuata mawaziri, wakuu wa majimbo, majenerali na balozi mmoja aliyepotea njia. Nilipofika mimi majina yalikuwa yamelizunguka shina lote, na mheshimiwa mpya alilazimika kujibana katikati ya herufi za wenzake. Nilishuhudia manaibu waziri wawili wakigombea nafasi ya upana wa kiganja, wakatenganishwa na bendi ya polisi.

Sasa nimtaje Sikudhani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfuga mbuzi, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, jambo lililonikera kikazi. Chemchemi ya Mtakuja ilifukuliwa na wanawake kwa majembe ya mkono katika mwaka wa njaa, na mama yake alikuwa mmoja wao, akiwa na mimba yake. Mama huyo alizikwa jirani na hapo. Zamani maji yalifika kwenye jiwe alilopenda kukalia akisubiri ndoo ijae. Siku hizi jiwe lilikuwa juu, kavu, na aliyetaka maji alipiga magoti na kukwangua kwa kata kama mtu anayekomba chungu cha jana.

Sikudhani alilisema hilo katika kila mkutano. Mkuu wa Jimbo, Bwana Makoroma, alimjibu kwa upole wa kiserikali.

"Mama, maji hayajapungua hata kidogo. Ni ardhi ndiyo iliyopanda. Hayo ni maendeleo."

"Basi iambie ishuke, mkuu, nina kiu."

Nikasema, "Makofi kwake tafadhali," kwa mazoea, na watu wakapiga makofi mengi kuliko ilivyopangwa.

* * *

Mambo yalibadilika siku mwiba wa mng'oameno ulipotoboa tairi la gari la mke wa Waziri wa Misitu, Profesa Ndonde. Tatizo likawa limegunduliwa rasmi. Baraza la mawaziri lilikaa, likanywa chai, likazindua Operesheni ya Kumshukuru Mfadhili kwa Kumpunguzia Watoto. Msitu ulitakiwa uondoke. Mfadhili mwenyewe, mti mama, aliyesimama juu ya chemchemi na mizizi yake imo ndani, asiguswe. Ilikuwa sawa na kupiga deki huku bomba linavuja, lakini mimi ni mshereheshaji, si fundi bomba.

Dawa ya kuua miti iliagizwa kwa mapipa. Pamoja nayo akaletwa afisa misitu mmoja, Zawena, mwanamke kijana aliyekuwa ameisomea kazi hiyo kwa miaka na, kwa bahati mbaya yake, akaielewa. Alifika Mtakuja kabla ya sherehe ya uzinduzi, akawakusanya wanawake pembeni ya kichaka.

"Mti huu ukiukata tu na kwenda zako, umeuamsha," aliwaambia. "Pale palipokuwa na shina moja patatoka machipukizi kumi. Lazima kisiki kinyweshwe dawa. Lakini dawa si ya kumwaga kama maji ya mchicha. Tazameni." Alikata mti mdogo, akaonyesha kwa kidole. "Hapa katikati hamna kitu, ni mbao tu. Uhai uko kwenye hii pete mbichi chini ya gome. Pakeni pete, yote, kwa brashi. Basi. Kijiko kimoja kinatosha kisiki kizima."

"Tupake lini?" akauliza Havijawa, jirani yake Sikudhani, mwanamke mfupi mwenye panga refu.

"Papo hapo. Panga likitoka, brashi inaingia. Kisiki hufunga mdomo upesi. Ukichelewa, unapaka meza."

"Kumbe kama samaki," akasema Sikudhani. "Mkunje angali mbichi."

"Ndiyo hivyo, mama. Fanyeni wawili wawili, mmoja panga, mmoja brashi. Vaeni glovu. Na chemchemini lisidondoke hata tone, maana dawa haijui nani mti na nani mtu."

Sikudhani akauliza, bila kutazama upande wowote, "Na mti mkubwa je? Ule ambao mtu hawezi kuukata?"

"Huo unautia majeraha kulizunguka shina lote, kiunoni kwenda chini, na kila jeraha unalinywesha palepale. Utabaki umesimama. Lakini utakuwa umeshakwenda."

Sikudhani akainua macho kumtazama Mfadhili. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo vilihitaji rangi.

* * *

Katika nchi ile dawa ya serikali haifunguliwi bila mgeni rasmi. Hiyo ni sheria, na sheria ni msumeno, ila huko ulikuwa unakata kuni za watu wadogo tu. Mgeni rasmi wa uzinduzi alikuwa Profesa Ndonde. Ili akute uwanja ni mweupe na zulia limetandikwa, Mkuu wa Jimbo aliamuru miti yote ya upande ule ikatwe alfajiri. Ikakatwa. Visiki vikabaki vinatoa utomvu, vimekaa kwa safu, vinamngoja profesa kama sisi wengine.

Jua likapanda. Profesa alikuwa bado anapata kifungua kinywa. Jua likafika utosini. Profesa alikuwa njiani, ila njia ndiyo haikuwa tayari. Alipofika tuliimba wimbo wa taifa, beti zote, tukaomba dua za madhehebu yote, tukatazama ngoma, tukawatambulisha wageni wa meza kuu pamoja na digrii zao. Niliona Zawena akimsogelea Mkuu wa Jimbo.

"Mkuu, visiki vinakauka."

"Viambie vivumilie."

"Vimeshafunga, mkuu. Dawa itapotea bure. Tukate vingine sasa hivi, tupake hapohapo, ni kazi ya dakika."

Profesa Ndonde akasikia. Akatabasamu kama baba, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu.

"Naambiwa kuna kijana hapa ana haraka," alisema. "Ndugu wananchi, haraka haraka haina baraka!"

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" ikajibu sauti kutoka nyuma, na sikuhitaji kugeuka kujua ni ya nani.

Hotuba ilikuwa nzito. Profesa alieleza historia ya dawa tangu enzi za kale, akaitofautisha falsafa ya kisiki na falsafa ya shina, akatangaza kwamba mti ni dhana. Kisha akapewa kopo la kumwagilia maua lililopakwa rangi ya dhahabu, akakimiminia dawa kisiki cha kwanza, katikati kabisa, pale Zawena aliposema hamna kitu. Mke wake akamimina. Mkuu wa Jimbo akamimina. Majenerali wakamimina kwa amri moja. Dawa ikajaa, ikafurika, ikaanza kuteremka taratibu kuelekea chemchemini.

Zawena alipiga magoti na sketi yake ya sherehe, akaanza kurundika udongo kwa mikono ili kuizuia. Wanawake wa Mtakuja wakamkimbilia. Wakajenga tuta palepale mbele ya kamera za televisheni ya taifa, na dawa ikaishia hapo. Nawaambieni kweli, nilikuwa nimeshika kipaza sauti na nikashindwa kusema makofi.

Kesho yake Zawena alipandishwa cheo na kuhamishiwa Idara ya Mapazia ya Ikulu, kwa kuwa alionekana anajua kuziba. Aliondoka na basi la kwanza. Brashi na glovu zote alizokuja nazo aliziacha kwa Sikudhani.

Dawa iliyobaki ilitiwa kwenye chupa ndogo zenye picha ya Baba Mtukufu akicheka, kila kaya ikapewa moja iwe kumbukumbu. Ilitakiwa ikae kabatini, itazamwe. Kuifungua bila mgeni rasmi ni kifungo.

* * *

Mvua zikanyesha, visiki vikachipua. Vilichipua kwa hasira. Palipokuwa na mti mmoja pakasimama fungu la fimbo zenye miiba, na profesa akatangaza redioni kuwa visiki vimeitikia wito wa serikali kwa kiwango kisichotarajiwa. Akapewa nishani.

Mvua zilipokoma, chemchemi ilikuwa tope. Bwana Makoroma akaja na habari njema. Mtakuja yote itahamishiwa Kambi ya Matumaini Mapya, uwandani, ambako maji yataletwa na lori, mara lori litakaponunuliwa. Kijiji kikishaondoka, mahali pake patakuwa maegesho ya wageni wa Mfadhili.

"Na kaburi la mama yangu nalo litapanda lori?" akauliza Sikudhani.

"Mama, usilete siasa kwenye maji."

"Maji yapi, mkuu? Nionyeshe, niyaletee siasa."

Makoroma akaondoka. Sikudhani alibaki amekaa juu ya lile jiwe kavu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akilia. Alilia kwa hasira, akijifuta na kiganja kama anayefukuza nzi. Havijawa alikaa naye. Baadaye Sikudhani akasimama, akakung'uta kanga, akaja moja kwa moja kwangu. Mimi nilikuwa nimebaki Mtakuja kwa kuwa serikali ilisahau kunitumia gari.

"Kaka mshereheshaji, wewe sheria za sherehe unazijua?"

"Kwa moyo, dada."

"Mgeni rasmi ni nani kisheria?"

Nikamtajia bila kufikiri, kama mtoto anayesoma herufi: mgeni rasmi ni yeyote aliyevikwa shada la maua, akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa, na kupigiwa makofi.

"Yeyote?"

"Ndivyo ilivyoandikwa. Waliogopa kuwaudhi wasio na digrii."

"Vizuri. Asubuhi tuna shughuli. Malipo ni uji na maandazi."

Mgeni rasmi wa siku hiyo alikuwa mbuzi jike wa Sikudhani aitwaye Shangazi, mzee, mwenye ndevu, asiyebakiza hata jino moja kwa ajili ya maganda ya mng'oameno. Alivikwa shada la maua ya maboga. Alikalishwa kwenye kiti chenye kitambaa cha mezani cha Havijawa. Nikamtambulisha ipasavyo, watu wakapiga makofi. Aliwahi kufika, jambo lisilokumbukwa katika historia ya itifaki ya nchi ile. Hotuba yake ilikuwa fupi na wote tuliielewa. Halafu akala shada.

Ndipo chupa za kumbukumbu zikafunguliwa. Kata, paka. Kata, paka. Wanawake walikwenda wawili wawili wakikizunguka kichaka kutoka chemchemini kwenda nje, panga likitoka brashi inaingia, pete nzima, bila kumwaga. Hakuna aliyepaka meza. Chupa ambazo majenerali wangezimaliza kwa kisiki kimoja ziliwafikisha hadi ukingo wa malisho, na nyingine zikabaki zimejaa.

Bwana Makoroma alifika na askari wake wakati kazi inaishia.

"Nani kawaruhusu? Mgeni rasmi yuko wapi?"

Tukamwonyesha. Shangazi alikuwa bado kitini, anacheua.

"Huyu ni mbuzi!"

"Ni mgeni wetu, mkuu," akasema Sikudhani. "Kavikwa shada, kakalia kitambaa, kapigiwa makofi. Kama sheria ina kifungu cha meno, tusomee."

Makoroma akageuka kunitazama mimi. Nikamsomea sheria nzima kwa sauti ya kazi. Hapakuwa na kifungu cha meno. Akaamuru askari wamkamate mtu, lakini walipouliza yupi, wanawake wote wakanyoosha mikono yenye glovu. Pingu hazikutosha. Askari mmoja akaomba maji, Havijawa akampa kata, na baada ya kunywa yule askari akawa hana tena sura ya kukamata.

"Nenda ukaripoti," Sikudhani akamwambia Makoroma. "Andika kwamba mbuzi kibogoyo wa Mtakuja amefanya kabla ya chakula cha mchana kazi iliyomshinda profesa."

Hilo ndilo Makoroma asingeweza kuliandika. Alikwenda akaripoti kwamba dawa ya profesa, baada ya tafakuri, imefanya kazi. Ushindi wa Shangazi ukawa wa Profesa Ndonde, akaongezewa nishani ya pili. Na kwa kuwa sasa kulikuwa na ushindi, ikaamuliwa Baba Mtukufu mwenyewe aje Mtakuja kuadhimisha jubilei ya Mfadhili. Kijiji kihamishwe siku moja baada ya jubilei.

* * *

Wenye nchi ile hujiandaa mapema kwa kila jambo isipokuwa njaa. Jubilei ilikuwa bado mbali Makoroma alipokuja kutoa amri za maandalizi. Mawe ya barabarani yapakwe chokaa. Mbuzi wenye meno wasogezwe mbele, vibogoyo wafichwe. Na Mfadhili apambwe.

"Majina kwenye shina yamefifia," alisema. "Gome limeyafunika. Yachongwe upya, kisha shina lipakwe chokaa kuanzia chini hadi kiunoni."

Sikudhani alikunja mikono mbele kwa adabu ambayo sikuwahi kuiona kwake. "Majina yote, mkuu?"

"Yote."

"Kulizunguka shina lote?"

"Lote! Hata la yule waziri wa zamani wa uvuvi."

"Yachongwe kwa kina?"

"Kwa kina kabisa. Baba akiwa ndani ya gari ayasome."

"Na kupaka?"

"Pakeni msiache hata upenyo. Mbona leo unauliza sana?"

"Ili tusikosee, mkuu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Makoroma alifurahi. Aliniambia pembeni kwamba hatimaye mama yule amestaarabika.

Kazi ikaanza asubuhi. Walikwenda wawili wawili. Sikudhani alishika patasi, Havijawa brashi, na mimi, kwa kuwa maandishi mengine yalikuwa hayasomeki, niliombwa niwatajie majina kama kwenye sherehe. "Mheshimiwa Waziri wa Ushuru!" Patasi ikaingia mpaka kwenye ubichi. Brashi ikafuata. "Mheshimiwa Jenerali!" Patasi, brashi. Kila herufi ilikunywa, hata nukta. Profesa Ndonde alikuwa ameongeza shahada zake zote baada ya jina, kwa hiyo alikunywa sana. Jina la Baba Mtukufu lilimaliza chupa nzima peke yake, na tulisimama tulipolitaja, kama sheria inavyotaka. Hakuna tone lililodondoka kwenda chemchemini, kwani Havijawa alitandika magunia chini.

Chokaa ilipakwa siku ya pili. Mfadhili alipendeza, nasema kwa haki yake.

Baada ya majuma kadhaa majani yakawa ya njano. Makoroma aliyaona, na uso wake pia ukabadilika rangi. Lakini kusema Mfadhili anaumwa ni kosa kubwa, kwa hiyo alitangaza kwamba umevaa dhahabu kwa ajili ya jubilei. Majani yakapukutika. Akatangaza kwamba umevua kofia kwa heshima ya mgeni.

* * *

Siku yenyewe jua lilikuwa kali la kukaanga yai. Turubai zilipigwa marufuku, maana kuleta turubai ni kukitukana kivuli cha Mfadhili. Viongozi wakakaa chini ya mifupa ya matawi na suti zao za sufu. Kila aliyesimama alikisifia kivuli. Profesa Ndonde alisema hajawahi kuhisi ubaridi wa namna ile, kisha akazirai, na mimi nikatangaza kuwa amezidiwa na uzalendo.

Baba Mtukufu alikuwa mzee sana, mwenye macho mazito. Alitazama juu kwa muda mrefu. Tawi dogo lilikatika lenyewe, likadondoka mapajani mwake.

"Kwa nini naona mbingu?" akauliza.

Mawaziri wakatazama ratiba zao.

"Mti umekufa, Baba," akasema Sikudhani.

Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kanga imefungwa kibwebwe. Neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa katika nchi ile mbele ya meza kuu. Watu waliinama kama wanaosubiri jiwe.

"Kauua nani?"

"Umekufa kwa majina, Baba. Kila mkubwa aliyekuja hapa aliuchoma kisu, akaenda zake. Sisi tuliamriwa tuyachonge upya yasomeke, tupake, tusiache upenyo. Tumetii. Mbali na hayo, tumeambiwa tuhame kesho, na maji tutakunywa lini? Mimi sihami. Mama yangu yuko pale, chemchemi ile ni yake. Na mti umeandikwa. Usomeni wenyewe muone nani na nani."

Baba Mtukufu akaanza kusoma. Alisoma jina la kwanza kwa sauti.

"Si langu!" akapiga kelele Waziri wa Ushuru, akaruka kutoka kitini, akaanza kukwangua herufi zake kwa funguo za gari. Baada ya hapo hapakuwa na itifaki. Majenerali walikwangua kwa nishani. Manaibu waziri wawili waliowahi kugombea nafasi ile sasa walisukumana kila mmoja akisema ni ya mwenzake. Profesa alizinduka, akakimbia kufuta shahada. Makoroma alitumia kucha na, mwishoni, meno. Walilichuna lile shina pande zote kwa bidii ambayo sijapata kuiona katika utumishi wa umma, na kama kuna mzizi uliokuwa bado unasitasita, hapo ulikata tamaa.

Lilibaki jina moja, upande wa mashariki. Hakuna aliyethubutu kuligusa.

Baba Mtukufu alilitazama. Kisha akasimama, nasi tukasimama.

"Mti gani?" akasema. "Mimi sioni mti hapa." Akaingia garini.

Usiku huo redio ya taifa ilitangaza kwamba Mtakuja haijawahi kuwa na mti. Kwa hiyo hapakuwa na jubilei. Kwa hiyo hapakuwa na wageni wanaohitaji maegesho, wala kijiji cha kuhamisha, wala aliyeua chochote wa kukamatwa. Mimi nilijulishwa kuwa sijawahi kuajiriwa, nikafunga virago.

* * *

Nilipita huko tena mwaka jana, kwa gharama zangu. Mbuzi wachanga wana meno yao yote. Maji yamerudi mpaka kwenye lile jiwe, yanalilamba. Zawena alikuwepo likizoni, anatembea na wanawake wakitafuta miche midogo ya mng'oameno waing'oe, akiwa bado mtumishi wa mapazia.

Mahali pa kuteka palikuwa na tope kidogo, na juu ya tope pametandikwa ubao mpana, mzito, wa kukanyagia. Nikauliza umetoka mti gani.

"Mti gani?" akasema Sikudhani.

Havijawa alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Nikainama kuuangalia ubao. Upande wa juu ulikuwa laini.

"Upande wenye maandishi tumeulaza chini, kaka," Sikudhani akanieleza kwa adabu. "Jina la mkubwa halikanyagwi."

Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akainama, akateka.